Ulinganisho wa risasi za .22 zenye mlio mdogo: ipi inafaa bunduki yako?

Maboksi ya risasi za .22 (kipenyo cha inchi 0.22) kwenye rafu ya duka la silaha huku Uingereza yanafanana mno. Yote ni madogo ya kujaa kiganjani, mengi yana risasi 50 ndani, na juu yake kuna maneno yanayoahidi ukimya: Subsonic, Quiet, Suppressor, Standard Velocity, CB. Anayeingia dukani kwa mara ya kwanza hudhani ni majina tofauti ya kitu kimoja. Sivyo hata kidogo. Kati ya risasi dhaifu kabisa na ile nzito kabisa kwenye kundi hili, nguvu hutofautiana karibu mara nane, na ile yenye mlio mdogo kuliko zote inaweza kuwa chaguo baya kwa kazi uliyo nayo.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mwenye haraka aondoke nao. Ukiwa na bunduki ya boliti, ile unayoikokota kwa mkono kila risasi, yenye kizuia sauti, yaani sailensa, nunua sabsoniki (risasi iendayo chini ya kasi ya sauti) ya kawaida ya greini 40, kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi, inayokwenda mita 315 hadi 326 kwa sekunde, usihangaike na nyingine. Ukiwa huna sailensa na unalenga ndani ya mita 25, hapo ndipo risasi za aina ya Quiet au CB, zenye nguvu ndogo zaidi, zina maana. Risasi nzito ya greini 60 iache, isipokuwa unajua kwa hakika mzunguko wa mifereji ya mtutu wako. Na zile zisizo na baruti kabisa ni za kutoboa karatasi, si za kitu chenye uhai.

Sababu zake ni hizi.

Kelele ya bunduki ni kelele nne

Risasi za .22 tunazozungumzia ni za rimfaya: kiwashio chake kimetandazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na pini ya bunduki huuponda ukingo huo ili kuwasha baruti. Baruti ikiungua, gesi husukuma kichwa cha risasi hadi mdomoni mwa mtutu, kisha gesi hiyo hutoka nyuma yake kwa kishindo. Hiyo ndiyo kelele ya kwanza, na ndiyo sailensa inayoipunguza.

Kelele ya pili ni mlio wa hewani. Kichwa cha risasi kikienda kasi kuliko sauti, hukokota wimbi la mshindo njia nzima, na anayesimama kando ya njia hiyo husikia mlio mkali kama wa mjeledi. Sailensa haiwezi kuugusa mlio huu kwa sababu unazaliwa nje ya bunduki, hewani, risasi ikiwa tayari imekwisha kuondoka. Ndiyo maana mtu anayefunga sailensa nzuri kisha akatia risasi ya kasi, mfano Mini-Mag ya kampuni ya CCI, ya mita 376 kwa sekunde, hushangaa kwamba majirani bado wanasikia.

Ya tatu ni chuma cha bunduki yenyewe: pini inagonga, na kwenye bunduki inayojijaza yenyewe boliti inakwenda nyuma na kurudi kwa nguvu mbele ya uso wako. Ya nne ni kishindo cha risasi kugonga ilipokwenda. Ukipiga kwa sabsoniki na sailensa nzuri, jambo la kwanza linalokuvutia ni hili la nne. Unasikia pini, kimya kidogo, kisha "pap" ya risasi ikiingia kwenye tuta la udongo mita 50 mbele. Wasiowahi kuisikia huwa hawaamini kwamba siku zote ilikuwepo, imefunikwa tu na nyingine.

Kwa hiyo neno sabsoniki kwenye boksi linakuahidi jambo moja tu, kwamba kelele ya pili haitakuwepo. Halisemi lolote kuhusu ya kwanza. Sabsoniki ya kawaida ikipigwa kwenye mtutu mfupi usio na sailensa bado inaumiza masikio, na vizibo vya masikio ni lazima.

Hata ahadi hiyo moja ina masharti yake. Kasi ya sauti hufuata joto la hewa. Kwenye nyuzi 0 ni mita 331 kwa sekunde, kwenye nyuzi 20 ni mita 343, na kwenye nyuzi 30, joto la mchana wa kawaida Dar es Salaam au Mombasa, hufika mita 349. Wengi hudhani ni suala la mwinuko, kwamba milimani mambo hubadilika kwa sababu hewa ni nyepesi. Wepesi wa hewa peke yake haubadilishi kitu hapa, baridi ya milimani ndiyo inayobadilisha.

Chukua CCI Standard Velocity, ambayo kiwandani imeandikiwa mita 326 kwa sekunde. Kiangazi ina nafasi ya kutosha chini ya kasi ya sauti. Usiku wa Januari huko Uskoti, nyuzi 5 chini ya sifuri, sauti yenyewe inakwenda mita 328. Na kwa kuwa risasi za boksi moja hazitoki zote kwa kasi ileile, utapiga kadhaa kimya, halafu moja inalia kama mjeledi, halafu kimya tena. Baridi hupunguza kidogo kasi ya risasi pia, kwa hiyo si kila bunduki itakufanyia hivyo, lakini ikikufanyia, usilaumu sailensa. Hamia kwenye sabsoniki yenye kasi ya chini kidogo, ya mita 315 au 320.

Namba zake kwa pamoja

Hizi ni kasi za viwandani. Kwenye boksi utazikuta kwa futi. Gawanya kwa 3.28 upate mita. Greini moja ni gramu 0.065, hivyo greini 40 ni kama gramu 2.6.

| Risasi | Uzito (greini) | Kasi (m/s) | Nguvu (jouli) | Mlio wa hewani |
|---|---|---|---|---|
| CCI Mini-Mag, ya kasi | 40 | 376 | 183 | Upo |
| CCI Standard Velocity | 40 | 326 | 138 | Hakuna, ila kwenye baridi kali |
| CCI Subsonic yenye tundu kichwani | 40 | 320 | 133 | Hakuna |
| Aguila SSS | 60 | 290 | 163 | Hakuna |
| CCI Quiet-22 Semi-Auto | 45 | 254 | 94 | Hakuna |
| CCI Quiet-22 | 40 | 216 | 60 | Hakuna |
| CCI CB Long | 29 | 216 | 44 | Hakuna |
| Aguila Super Colibri | 20 | 180 | 21 | Hakuna |

Nimeiweka Mini-Mag juu ili uone umbali uliopo, maana hiyo si ya kimya. Na kabla ya kuiacha, kuna jambo moja ambalo wapenzi wa kasi hawalipendi: kwenye upepo wa kando, kufikia mita 100, risasi ya kasi ya .22 husukumwa pembeni zaidi kuliko sabsoniki. Hewa huivuta sana risasi inayokwenda karibu na kasi ya sauti, na ile ya kasi hupoteza mwendo wake haraka mno ikivuka eneo hilo. Ndiyo maana risasi za mashindano ya mita 50, kama Eley Tenex ya Uingereza au Lapua Center-X, hutengenezwa ziondoke mtutuni zikiwa tayari chini ya kasi ya sauti. Duara la pointi 10 kwenye shabaha ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4 tu, na hakuna anayetaka risasi iyumbe njiani kwa kuvuka ukuta wa sauti. Ukimya kwao umekuja wenyewe, walichokuwa wanatafuta ni kulenga.

Sabsoniki ya kawaida dhidi ya Quiet

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na hapa nitakaa kidogo.

Quiet-22 ya CCI ina kichwa kilekile cha greini 40, lakini baruti ni kidogo, kasi imeshushwa hadi mita 216. Gesi inayotoka mdomoni ni chache, na kwenye mtutu mrefu, wa sentimita 60 na zaidi, nyingi yake hupoa na kuishiwa nguvu kabla haijafika nje. Matokeo yake ni risasi unayoweza kuipiga bila sailensa na jirani wa upande wa pili wa ua asijue kilichotokea. Kwenye mtutu wa sentimita 40 bado ni tulivu, ila tofauti na ule mrefu unaisikia. Kampuni hutangaza desibeli 68 kwenye sikio la mpigaji. Namba hiyo usiilinganishe na zile desibeli 140 hivi zinazotajwa kwa bunduki ya .22 isiyo na sailensa, kwa sababu kilele cha mshindo unaodumu sehemu chache tu za elfu za sekunde na wastani wa sauti ni vipimo viwili tofauti. Kwa masikio ya binadamu, Quiet-22 kwenye mtutu mrefu inasikika kama bunduki ya upepo yenye nguvu. Hiyo ni sifa kubwa, na naitambua.

Gharama yake iko kwenye njia ya risasi. Tuseme umeweka darubini yako sentimita 4 juu ya mtutu, ukairekebisha ipige katikati kwenye mita 25. Sabsoniki ya kawaida, ukilenga mita 50 bila kubadilisha kitu, itagonga chini kwa sentimita 2 au 3. Quiet-22 itagonga chini kwa sentimita 10 hivi. Kwa karatasi si tatizo, unageuza darubini. Kwa sungura pori kwenye majani, ambaye umbali wake unaukadiria kwa macho wakati wa magharibi, kukosea mita 8 tu ni tofauti kati ya kichwa na taya, na mnyama aliyepigwa taya anakimbilia shimoni akafe huko taratibu. Sijali boksi linasema nini, hilo halikubaliki.

Nguvu nayo ni ileile hadithi. Jouli 60 mdomoni mwa mtutu ni chini ya nusu ya sabsoniki ya kawaida. Inatosha kwa panya wa ghalani na kwa sungura aliye karibu kabisa, mita 20 au 25, risasi ikienda kichwani. Kuna Quiet-22 ambayo kichwa chake kimetengenezwa kigawanyike vipande vitatu kikigonga, na inasaidia. Haikurudishii mita ulizopoteza.

Sasa weka sailensa. Ukifunga sailensa kwenye bunduki ya boliti, sabsoniki ya kawaida hushuka kiasi kwamba kinachobaki ni pini, mpumuo, na kishindo cha shabaha. Ukitia Quiet-22 kwenye bunduki hiyohiyo unapata ukimya kidogo zaidi, ambao sungura hatautambua, kwa kuacha zaidi ya nusu ya nguvu. Hiyo ndiyo hesabu iliyonifanya niseme mapema: mwenye sailensa hana sababu ya kununua Quiet, labda awe ndani ya zizi au ghala anataka risasi isiyo na nguvu ya kupita kiasi.

Asiye na sailensa hesabu yake ni nyingine, na kwake Quiet inastahili kila senti ndani ya mita 25. Mtoto anayefundishwa na mzazi au mkufunzi, kwa mfano, hujifunza vizuri zaidi bila kishindo cha kumfanya afumbe macho kabla ya kufyatua. Bado mvalishe vizibo vya masikio. Asikose kuvizoea.

Bunduki inayojijaza yenyewe

Kama bunduki yako ni ya nusu otomatiki, nusu ya rafu imeshajitoa. Bunduki nyingi za .22 za aina hii hutegemea msukumo wa risasi kurudisha boliti nyuma, kutoa ganda na kupandisha risasi nyingine. Quiet-22 ya kawaida na CB hazina msukumo wa kutosha. Utapiga moja, ganda litabanwa nusu nje, na utaendelea kuvuta boliti kwa mkono kila risasi.

Kuna Quiet-22 Semi-Auto ya greini 45 iliyotengenezwa kwa ajili ya tatizo hili, na uzito wa ziada unasaidia kusukuma. Sabsoniki ya kawaida nayo huendesha bunduki nyingi, hasa ikiwa na sailensa, ambayo huongeza mgandamizo. Lakini kumbuka kelele ya tatu. Boliti ikigonga nyuma na mbele, na ganda likitoka pamoja na gesi pembeni mwa sikio lako, ule ukimya ulioununua umepungua kabla haujaanza. Kama ukimya ndio unaoutafuta kwanza, bunduki ya boliti inaishinda ya nusu otomatiki kwa risasi ileile, na sijaona boksi linalobadilisha hilo.

Ile nzito ya greini 60

Aguila SSS, kutoka Mexico, inavutia ukiisoma kwenye jedwali: kasi ya mita 290, chini kabisa ya kasi ya sauti hata kwenye baridi, na nguvu ya jouli 163 kwa sababu ya uzito. Wameifanya kwa kutumia ganda fupi na kichwa kirefu, ili urefu wote ubaki ule wa .22 LR (Long Rifle), yaani .22 ya kawaida, na iingie kwenye chemba yako, sehemu ya mtutu inayopokea risasi.

Kichwa kirefu ndilo tatizo. Mifereji ya mtutu wa .22 LR kwa kawaida huzungusha risasi mara moja kwa kila inchi 16. Mzunguko huo unatosha kuituliza risasi ya greini 40. Ya greini 60 inahitaji mzunguko mkali zaidi, karibu inchi 9, na bunduki chache sana za .22 zinauzwa hivyo. Isipozungushwa vya kutosha huanza kuyumba, mwishowe hulala ubavu hewani. Ushahidi utauona kwenye karatasi: badala ya tundu la mviringo kama la kalamu, unakuta mpasuko mrefu wenye umbo zima la risasi, kingo zimechanika, na alama ya kijivu ya risasi upande mmoja tu. Ukiona mpasuko wa namna hiyo hata mmoja, acha kuitumia risasi hiyo kwenye mtutu huo.

Na kama kuna sailensa mbele, acha kabla hata ya kujaribu. Risasi inayoanza kuyumba mdomoni inaweza kugonga vizuizi vya ndani ya sailensa na kuipasua. Risasi yoyote mpya kwako, hasa nzito au ya aina usiyoizoea, ijaribu kwanza kwenye karatasi bila sailensa. Matundu yakiwa ya mviringo safi, ndipo uifunge.

CB na zile zisizo na baruti

CB Long ni risasi ya kizamani iliyobaki kwa sababu bado inafaa. Kichwa cha greini 29, kasi sawa na ya Quiet, nguvu ndogo zaidi. Tangu Quiet-22 ilipotoka sioni sana sababu ya kuchagua CB, isipokuwa bunduki yako inailenga vizuri zaidi, na hilo hutokea. Kuna pia CB ya ganda fupi. Hiyo ikipigwa kwa wingi kwenye chemba ya .22 LR huacha mviringo wa uchafu mbele ya mahali ganda linapoishia, na siku ukirudi kwenye .22 LR ya kawaida zinaingia kwa kubana au hazitoki. Sugua chemba kabla ya kubadilisha.

Super Colibri haina baruti. Inasukumwa na kiwashio peke yake, njia ileile ambayo Mfaransa Louis-Nicolas Flobert aliitumia mwaka 1845 kwenye risasi zake za kulengea ndani ya nyumba, miaka 42 kabla kampuni ya Stevens ya Marekani haijaleta .22 LR mwaka 1887. Jouli 21 ni kiasi cha bunduki ya upepo. Na hapo ndipo ninapomuuliza anayeitaka: kwa nini usinunue bunduki ya upepo? Hata iliyo dhaifu kidogo kuliko hapo, ikiwa nzuri, inalenga vizuri kuliko Colibri yoyote. Uingereza na Wales, bunduki ya upepo isiyozidi jouli 16.3 haihitaji cheti cha polisi, wakati .22 inahitaji hata ukiitilia risasi dhaifu namna gani. Uskoti ni tofauti, huko bunduki za upepo nazo zinahitaji leseni tangu tarehe 31 Desemba 2016.

Tahadhari ya maana: kuna Super Colibri na kuna Colibri bila Super. Hiyo ya pili ni dhaifu zaidi na imekusudiwa bastola. Kwenye mtutu mrefu wa bunduki msuguano unaweza kuishinda, ikabaki ndani. Ukipiga nyingine nyuma yake, mtutu unavimba au kupasuka.

Kwa sungura, kichwa cha risasi ni muhimu kuliko desibeli

Wakulima wa Uingereza huruhusu watu wenye vyeti kuwapunguza sungura pori wanaokula ngano changa, na kwa miaka mingi chombo cha kazi hiyo kimekuwa .22 yenye sailensa na sabsoniki yenye tundu kichwani. Kampuni za Eley, CCI, RWS na Winchester zote zinazo. Tundu lile hufanya risasi ipanuke ikigonga, iachie nguvu yake ndani ya mnyama badala ya kupita. Kichwa cha duara kisicho na tundu hutoboa na kuendelea na safari.

Kuendelea na safari ndilo jambo la kuogopa. Risasi ya .22 ya mwendo mdogo inajulikana kwa kuruka ikigonga jiwe, udongo mgumu au maji, na mlio wake ukienda mbali unausikia kama nyuki mkubwa. Wengine hudhani ikiwa na mlio mdogo basi ina hatari ndogo. Sabsoniki ya kawaida inaweza kufika zaidi ya kilomita moja ikipigwa juu. Yenye tundu huruka kidogo kuliko isiyo na tundu, lakini huruka. Kama nyuma ya sungura hakuna tuta la udongo laini, hakuna kupiga.

Kwa umbali, ninaishia mita 60 na sabsoniki yenye tundu. Ukirekebisha kwenye mita 50, kufikia mita 100 risasi imeshuka zaidi ya sentimita 20, na kati ya hapo kila mita uliyokosea kukadiria inakuadhibu.

Jaribu kabla ya kununua kwa wingi

Mitutu ya .22 ina tabia zake. Mbili za kiwanda kimoja, namba zikifuatana, moja itaipenda Eley na nyingine itaitupa huku na kule. Nunua boksi mojamoja la aina tatu au nne za sabsoniki zilizo ndani ya uwezo wako, weka bunduki kwenye mfuko wa mchanga, mita 50, piga makundi ya risasi tano tano. Vichwa vya risasi hizi nyingi ni vya madini ya risasi tupu, vimepakwa nta au grisi, na kila kiwanda kina mafuta yake. Ukibadilisha aina, makundi ya mwanzo hutawanyika mpaka mtutu uzoee mafuta mapya, kwa hiyo usihukumu kwa kundi la kwanza. Ukipata inayokaa pamoja, angalia namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi na ununue nyingine za toleo hilohilo. Kiwanda kilekile, jina lilelile, toleo jingine, unaweza kukuta kundi limepanuka. Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni kabla ya kula. Madini ya risasi ni sumu.

Kuhusu kiasi cha kununua, cheti cha Uingereza huandika idadi ya risasi unayoruhusiwa kununua na kuwa nayo, na hilo linahusu hata zile dhaifu. Ukiwa Afrika Mashariki usichukue mazoea ya huku ukayahamishia huko. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Uliza ofisi inayotoa leseni kabla ya kufikiria risasi, na hasa kabla ya kufikiria sailensa, ambayo Uingereza ni kitu cha kawaida cha mkulima lakini kwingineko inaweza kukupeleka mahakamani.

Jambo la mwisho linawahusu zaidi wanaotumia Quiet, CB na Colibri. Ukizizoea risasi hizi unazoea mlio hafifu, na ndipo inapokuwa vigumu kutambua risasi iliyobaki mtutuni. Ukisikia mlio mdogo kuliko wa kawaida, au usipoona tundu jipya kwenye karatasi, usipandishe nyingine. Elekeza mtutu kwenye tuta, subiri nusu dakika, fungua boliti, toa magazini, kisha angalia ndani ya mtutu kutokea nyuma, au pitisha fimbo ya kusafishia. Ukiona mwanga wa mviringo mwisho wa mtutu, endelea. Usipouona, kazi ya siku hiyo imekwisha mpaka fundi wa silaha aitoe.